Mtoto wa Arobaini

Chuo hakikuruhusu kufanya mtihani wa mwisho wa shahada ya ukunga mpaka uwe umezalisha akina mama arobaini kwa mikono yako, kila mmoja na sahihi ya msimamizi kitabuni. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa, na vitabu vilikuwa vinakusanywa saa kumi jioni hiyo. Ukikosa, unarudia mwaka. Nimemla ng'ombe mzima, nishindwe na mkia? Nilikuwa nimechoka hadi kope zinaniuma.

Wa arobaini nilimpata mchana: mama mpole, uzazi wake wa pili, njia imefunguka sentimita saba. Kila nusu saa unainama, unaweka pembe ya kusikilizia tumboni, unaegesha sikio na kuhesabu mapigo ya moyo wa mtoto dakika nzima. Saa nane niliinama. Tumbo lilikuwa na joto kama mto wa kulalia. Nilifika ishirini, kisha sijui.

"Ngapi?"

Alikuwa msimamizi wetu, tuliyembandika jina la Sista Saa kwa kuwa macho yake hayabanduki kwenye saa ya ukutani.

Mia na arobaini, mapigo ya mtoto mzima. Jibu hilo kila mwanafunzi analo mdomoni. Ukichoka unaliandika, na mara nyingi hukosei. Nikisema kweli, atanitoa chumbani na mwaka wangu utakwenda na maji. Nilimchukia kwa kuuliza.

"Sijahesabu, Sista. Nimesinzia."

Hakunigombeza. Alinisukuma kando, akainama mwenyewe. Uso ukambadilika.

"Themanini! Lete machela!"

Mtoto alitolewa kwa upasuaji saa nane na nusu, kamba ya kitovu imemzonga shingoni mara mbili. Alilia. Lakini wa upasuaji hahesabiwi, na saa kumi nilikabidhi kitabu chenye thelathini na tisa.

Kesho yake nilikwenda wodini kumwomba radhi yule mama kwa kumsinzilia.

"Nilijua umelala, mdogo wangu," akasema. "Uchungu mmoja ukaja, nikauma shuka nisije nikakuamsha. Nilikuonea huruma."

Machozi yakanitoka. Wakati yeye ananihurumia, mwanawe alikuwa anakosa hewa chini ya sikio langu.