Kidonda cha Kuonyesha Wageni

Mume wangu anafundisha watu udereva, na kazi hiyo imemharibia masikio. Kutwa yuko kwenye gari akiwapigia wanafunzi kelele, basi ukimwambia jambo refu yeye anadaka maneno mawili matatu, mengine yanampita kama honi za barabarani. Siku tuliyokaa mbele ya daktari wa upasuaji alidaka haya: matundu, madogo, na kesho yake anarudi nyumbani.

Daktari alisema mengi zaidi ya hayo. Alikuwa kijana mpole, akazungumza taratibu huku akinichorea tumbo langu kwenye karatasi. Kifuko changu cha nyongo kilikuwa kimejaa vijiwe na lazima kitolewe. Hatanichana tumbo. Atatoboa matundu manne, kwenye moja apitishe kamera nyembamba yenye taa, kwenye mengine vifaa vyake, na kila anachofanya atakitazama kwenye runinga.

"Lakini huu ni upasuaji kamili, mama," alisema. "Utalazwa usingizi kabisa, kwa hiyo usile kabla ya kuja. Na nikikuta shida ndani nisiyoweza kuimaliza kwa matundu, nitafungua tumbo kwa njia ya kawaida. Ruhusa hiyo unipe sasa ukiwa macho."

Nilimpa. Akaniuliza dawa zote ninazomeza, hata za mizizi, nami nikamtajia mpaka zile za mgongo ambazo hakuna aliyewahi kuniandikia. Hizo akaniambia niache kwanza, maana zinafanya damu ichelewe kuganda.

"Jambo moja watu hawalisikii," akaendelea. "Ngozi itafunga haraka. Ndani kunachukua muda. Kwa wiki kadhaa usinyanyue kitu kizito."

"Kizito kama nini?"

"Chochote kinachozidi birika la chai."

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilimwelewa papo hapo. Gauni linaweza kupigwa pasi likang'aa kwa nje, kumbe bitana bado imeshikiliwa na uzi wa bandi, ule wa kushikizia kwa muda. Ukilivuta, limekwisha. Nilikuwa nataka kumweleza mume wangu hivyo, lakini yeye alikuwa ameshapata swali lake.

"Kwa hiyo daktari, keshokutwa anaweza kupika?"

Daktari alimtazama kama anayetafuta mahali pa kumpasua na yeye.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilipozinduka bega ndilo lililoniuma kuliko tumbo, nikajua wamekosea sehemu. Muuguzi akacheka. Akanieleza kuwa wanajaza tumbo gesi ili wapate nafasi ya kuona, na gesi ile ikibaki huleta maumivu mpaka begani. Nitembee polepole, yataisha. Kweli yakaisha. Kesho yake nikarudi nyumbani na plasta nne tumboni, ndogo kiasi kwamba mtoto akijikwaa angezikataa.

Balaa likaanzia hapo.

Wa kwanza kuja kunijulia hali alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Sisi tunamwita Ripota, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake hailali humo. Alikuja na wenzake watano, wote wameshika mashavu, nyuso zimesinyaa kwa huzuni. Wakakaa sebuleni wamenizunguka.

"Tuonyeshe, wifi. Usituonee aibu."

Nikapandisha blauzi. Ripota akainama, akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya."

"Mbona mimi jipu langu la mwaka jana lilikuwa kubwa kuliko yote haya ukiyachanganya?"

Wenzake wakaachia mashavu yao. Niliwaona kabisa walivyojihisi wametapeliwa. Watu wameacha shughuli zao, wamepanda gari mbili, wanaonyeshwa matundu ya vifungo! Mmoja akasema kwa heshima zote kwamba jua la leo ni kali na kwamba chai haijawahi kumdhuru mtu. Nikainuka nikaenda kuwachemshia. Nilikuwa nikiwahudumia mkono mmoja ubavuni, huku wao wananiambia pole sana wifi, pole mno, na sukari iko wapi?

Mama mkwe naye alikuwapo. Alikuja kuniuguza, na kwa kweli alipofika alikuwa na nia hiyo. Lakini aliziona plasta, akaguna, akajikalia kitini.

"Enzi zetu mtu akipasuliwa, mnajua kapasuliwa," alisema. Kisha akaomba maji ya kuoga.

Niseme ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuwaamini. Watu wakikwambia huumwi kwa umoja wao, unajiona mwongo. Nikajaza ndoo, nikainyanyua. Kitu kikavutika chini ya kitovu, ndani kabisa. Nikaachia ndoo, nikakaa kwenye maji yaliyomwagika. Plasta ya kitovuni ilikuwa imelowa damu. Sina haja ya kujikaza hapa: nililia. Niliwaza utumbo wangu utatoka pale pale, na Ripota ataulizia chai msibani kwangu.

Nilipiga simu hospitali. Muuguzi akaniuliza kama nina homa, kama natapika, kama macho yamekuwa ya manjano, kama tumbo linazidi kuuma au kuvimba. Hapana, hapana. Akasema nijilaze, nikandamize kidogo kwa kitambaa safi, na nikiona lolote kati ya hayo nije mara moja, usiku au mchana.

"Na hiyo ndoo, mama, usiiguse. Nyama za ndani zikiachia, utumbo utasukuma njia. Hapo tutaonana tena mezani."

Jioni nikamweleza mume wangu yote, neno kwa neno. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mke wangu. Lakini si matundu tu?"

Nilipandwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa nashona. Nikachukua shuka jeupe la pamba, nikalichana vipande virefu, nikaviunga kimoja na kingine, nikajizungushia juu ya gauni la ndani kutoka chini ya matiti hadi nyongani. Sikubana, nilichotaka ni unene. Mbele nikadondoshea ile dawa ya kidonda yenye rangi ya kutu, matone mawili, kisha nikaongeza la tatu kwa ajili ya Ripota. Asubuhi nikatoka chumbani nimeshika ukuta.

"Hospitali wamesema kumbe ndani walichana sana," nikatangaza. Hapo sikutia chumvi, nilimwaga mfuko mzima.

Ungewaona! Mume wangu, ambaye sufuria zetu alizijua kwa majina tu, aliosha vyombo akavunja viwili, akaomba radhi kwa vyote. Ripota alitazama bendeji, akapiga yowe, akatoka mbio. Kufikia saa ya chakula cha mchana nilikuwa, kwa habari zake, nimefunguliwa kuanzia shingoni, na ini langu lilipumzishwa kwenye bakuli. Wageni wakafurika, safari hii wamebeba chupa zao za chai. Walitembea kwa ncha za vidole. Mwanamume mmoja aliona yale matone, akatoka nje kushika mti. Mume wangu alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake barabarani, kwa fahari, urefu wa bendeji ya mkewe.

Nililala, nikala, nikatembea kidogo uani kama nilivyoagizwa. Nilipaswa kufurahi. Lakini kila aliyeingia aliuliza nyuzi ngapi, na hakuna aliyeuliza kama nimelala. Walikuwa wanalionea huruma shuka langu. Hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma.

Mama mkwe peke yake hakupiga yowe wala kuuliza. Aliitazama bendeji, akatazama mshono nilipoungia vile vipande, akaenda jikoni akashika upawa. Nikajua amenigundua, na kwamba anangoja tu mahali pazuri pa kuniumbua.

Siku ya kurudi kwa daktari, mume wangu alibaki nje kwenye gari akibishana na mlinzi kuhusu maegesho. Mama mkwe akasema ataingia na mimi, na alisema kwa namna ambayo sikuweza kukataa. Nikapanda kitandani. Daktari akapandisha blauzi, akasimama kidogo, akaanza kufungua. Alifungua, akafungua. Shuka likajaa mikononi, likashuka sakafuni, nami nikawa nahesabu ndoo zinazonisubiri nyumbani. Mwisho akapandisha gauni la ndani, zikatokea plasta nne.

"Nani alikufunga hivi?" aliuliza daktari.

Nikalitazama shuka sakafuni.

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Hakuna haja, bibi. Matundu yanataka kukaa makavu na kupata hewa. Haya yamefunga vizuri sana." Akanibonyeza tumbo, akaniangalia macho, akaridhika. "Ila ndani bado. Kubeba vitu, wiki nne nyingine asiguse."

"Nimesikia," alisema mama mkwe.

Daktari akaitwa chumba cha pili, tukabaki wawili. Nikaanza kuomba msamaha. Mama mkwe hakunisikiliza. Alifunga mlango, akapandisha blauzi yake mwenyewe, akashusha sketi kidogo. Kovu lilitoka kitovuni likashuka chini, limepinda, nene kama kamba. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kujua kwamba lipo.

"Huyo anayegombana na mlinzi alitokea hapa," alisema. "Siku ya nne nilikuwa natwanga."

"Na kidonda, mama?"

"Kilikuwa wazi, kila mtu alikiona. Wakasema pole, wakauliza chai."

Akavuta nguo zake zikakaa sawa. Kisha akainama, akaokota shuka sakafuni, akalikung'uta, akatafuta ncha yake.

"Inua mikono."

"Mama, daktari amesema..."

"Nafunga juu ya gauni la ndani. Halitabana." Alinizungushia polepole, akanifunga vizuri kuliko nilivyojifunga mimi. "Amesema wiki ngapi?"

"Nne."

"Nane," alisema mama mkwe. "Mwanangu nitamwambia mimi."