USIGUSE, INAFANYA KAZI

Mara ya tatu walipomrudisha baba yangu wodini bila kupasuliwa, nilitoka hospitali nikatembea hadi ofisini kwa hasira. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, kama walivyomwagiza. Saa mbili asubuhi daktari alifungua kompyuta, majibu ya damu ya baba hayakuwemo, akaifunga. Bila majibu hapasui mtu. Yalipotokea saa tano, daktari alikuwa keshakwenda zake.

Kilichoniunguza roho ni kwamba nilijua majibu yalikwama wapi. Yalikwama kwetu ofisini. Kila alfajiri maabara hututumia faili moja kubwa la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama, lenye rekodi laki nne za wagonjwa, na programu yetu huzigeuza moja moja ziwe kitu ambacho mfumo wa hospitali unaweza kukitumia. Kazi hiyo ilichukua saa sita. Ofisi nzima ilijua, na tuliitania kila siku: "Bibi bado anachambua mchele."

Niliingia kwa bosi bila kubisha hodi. "Nataka kuifungua programu ya maabara."

"Ile haiguswi," alisema bila kuinua macho. "Nimeshaomba seva kubwa zaidi. Tusubiri bajeti."

"Baba yangu ameshindishwa njaa mara tatu, bosi. Naye asubiri bajeti?"

"Usinipandishie sauti."

"Nitaipandisha mpaka wanisikie ghorofa ya chini!"

Akanikodolea macho. "Haya. Ikiharibika, ni juu yako."

Nikaketi, nikaifungua. Juu kabisa, mtu aliyeacha kazi zamani alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE. INAFANYA KAZI. Mistari ishirini chini yake nikaona uchafu wenyewe. Ili kugeuza rekodi, programu inahitaji mkalimani, yaani kifaa kinachojua kila alama ya XML inakwenda wapi. Kumwandaa ni kazi nzito, kumtumia ni rahisi. Sisi tulikuwa tunamwandaa upya kwa kila rekodi, halafu tunamtupa. Mara laki nne kila asubuhi! Nani huajiri mpishi mpya kwa kila sahani? Nilitukana kwa sauti mpaka jirani yangu wa meza akavua spika za masikioni.

Nikamtoa mkalimani kwenye sehemu inayojirudia, aandaliwe mara moja tu mwanzoni. Nikaifanya pia programu isome faili kidogo kidogo, badala ya kulimeza zima kwanza. Nikaijaribu kwa faili la asubuhi ile, nikalinganisha majibu yote na yale ya zamani. Hayakutofautiana hata moja. Dakika tisa.

Bosi alikuja kusimama nyuma yangu, akaangalia saa, akaiangalia tena. "Wewe ni moto wa kuotea mbali," alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Keshokutwa yake baba aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili na nusu. Wodini nilimkuta muuguzi anabadilisha shuka za kitanda chake. Nikamsimulia yote, bado nimefura: bosi, bajeti, lile onyo la kijinga.

"Ilikuchukua muda gani kurekebisha?" aliuliza kwa upole.

"Mchana mmoja."

"Na pale kazini una miaka mingapi, dada?"

"Minne."

Mikono yake ikasimama. "Minne," alisema, na ule upole wake wote ulikuwa umekwisha. "Kabla ya baba yako, kwenye kitanda hiki alilala mama mmoja. Aliahirishwa mara sita. Mimi ndiye niliyekuwa namnyima chai. Alifariki akingoja ya saba."

Nikafungua mdomo niseme sikujua. Nilikuwa najua. Saa sita kila asubuhi, nilikuwa najua.

"Yeye hakuwa na mtoto anayefanya kazi kwenu," alisema.

Nilitamani anitukane. Akanipa ncha moja ya shuka, tukatandika.