Kupima Mbali na Nyumbani

Mustafa alipanda bodaboda kutoka Mandawa hadi Nachingwea ili apime VVU mahali asipojulikana. Mkewe, Saada, alikuwa mjamzito, na kliniki ya Ruangwa ilimpima ikamkuta salama. Mwanzoni Mustafa alihesabu majibu hayo kuwa ni yake pia. Kisha usingizi ukapotea, kwani msimu wa korosho alikuwa na mwanamke mwingine.

Kwenye benchi la kituo cha afya akamkuta Yasmini, mdogo wake Saada.

"Shemeji! Ruangwa vipimo vimekwisha?"

"Nimekuja kuulizia bei ya ufuta."

"Kwa nesi?" Yasmini akacheka. "Basi na mimi nimefuata ufuta."

Mustafa akainuka, akafika mlangoni, akarudi, akainuka tena.

"Kaa, unanitia kiwewe. Dada si yuko salama? Unaogopa nini?"

"Hichohicho. Yeye bado yuko salama; mimi sijijui."

Yasmini akamtazama, kicheko kikakatika. Nesi akaita anayefuata, na zamu ilikuwa ya Yasmini. Akavuta magoti kumpisha shemeji yake.

"Tangulia wewe, kabla hujakimbia."

Mustafa akaingia, mkono ameshaunyoosha.