Samaki Mkavu wa Kasenga

Ilikuwa mwaka wa 2023, majira ya kiangazi chenye baridi, Chanda aliporudi Lubumbashi kuomba nafasi katika timu ya mpira wa kikapu ya Hewa Bora. Alikuwa amekwisha kuchezea timu za Ndola, Bujumbura na Kigali, msimu huku, nusu msimu kule. Hakuna mji uliomlilia alipoondoka, wala yeye hakuulilia. Sasa alitaka kumalizia mchezo nyumbani, tena uwanjani, si kwenye benchi.

Kocha Mwape alipomwona akacheka mbele ya wote.

"Mutazame samaki mukavu wa Kasenga. Bamemupitisha kila soko, hakuna mwenye kununua."

Chanda naye alicheka. Mwape alikuwa wa ukoo wa Mamba, yeye wa ukoo wa Samaki. Koo hizo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani asiyekutukana amekudharau. Lakini Stéphane, mwenyekiti mpya wa timu, mgeni wa mila hizo, aliyashika maneno yale kama hukumu. Kesho yake alipotangaza wachezaji, Chanda hakuwamo.

"Kocha mwenyewe amesema umekauka."

"Ule ulikuwa utani, président."

"Utani siujui. Umri naujua."

Mwape alisikia, akainamisha kichwa. Tusi halikumuumiza Chanda. Kimya kile kilimchoma.

Siku ya mechi ya kirafiki na timu ya Mokambo, alivaa jezi, akaja kuketi katika kiti cha kocha.

"Toka, ndugu," Mwape alinong'ona.

"Sitoki. Kitu cha mtani ni changu. Uniingize uwanjani, ao utafundisha wima mpaka jioni."

Wazee waliokuwa wakitazama wakapiga makofi. Mwape akamgeukia Stéphane.

"Mila hainiruhusu kumwondoa, président. Nilimtania, kisha nikanyamaza. Kosa ni langu. Anacheza."

Chanda hakukimbia kama vijana. Alisimama chini ya kikapu, akapanua viwiko, akageuza mgongo kuwa ukuta. Kila mpira ulioruka kutoka ubaoni ukaishia mikononi mwake. Hewa Bora ikashinda.

"Jumatatu, mazoezini," Stéphane alisema, bila kumtazama usoni.

"Nilikuwa nakuja hata usiponialika."

Kisha akafungua mfuko wake, akatoa samaki mkavu, akamweka mapajani mwa Mwape mbele ya umati.

"Shika, mamba asiye na meno. Mumunya pole pole."