Vinyonga wa Damiani

Cecilia alikuwa anamwogopa kinyonga kama watu wote wenye akili zao. Kwao Kinampanda mtoto akimwona kinyonga hutema mate na kukimbia, basi, hakuna mjadala. Kwa hiyo alipoolewa huku upande wa Mkiwa, akamkuta mumewe amembeba mmoja begani mchana kweupe, aliacha ugali jikoni ukaungua, akaenda kujifungia kwa jirani. Damiani alimfuata akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Toka, mke wangu! Huyu mpaka afike hapo mlangoni, wewe umeshazeeka!"

Ndivyo alivyokuwa Damiani. Kazi yake ilikuwa kuwamba ngozi za ng'ombe na kuzikausha, na penye ngozi pana nzi, na nzi ndio walioanza kumpatanisha na vinyonga. Baadaye ikawa mapenzi tu. Alikuwa na wawili, dume na jike.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipowafikia, lori liliwashusha na mizigo yao kwenye uwanja mtupu, kila mtu akaonyeshwa kiwanja chake kwenye mstari. Watu wenye busara walianza na paa. Damiani je? Loh! Damiani alianza na vibanda vya vinyonga. Alilima udongo, akaulainisha mpaka chini kabisa, kwa maana jike hutaga ardhini na udongo mgumu humshinda. Akapanda mkole, mnyonyo wa majani mapana, na kunde za kutambaa. Akazungushia fito na wavu wa waya, katikati akaweka kizuizi, kwa sababu hao wawili ukiwaacha pamoja siku zote wanagombana kama wake wenza.

"Baba we," alisema mama yake, Anastazia, mikono kiunoni, "mimi nilale nje, mdudu alale ndani?"

"Mama, mimea inahitaji muda kushika. Paa halihitaji."

Anastazia alisonya akaenda zake. Alikuwa mama mzuri, ila ulimi wake haukuwa na likizo.

Wakati ule mimba moja ilikuwa imeshamtoka Cecilia. Ya pili ilimtoka hapo kijijini, kabla ya mavuno. Wanawake wakapunguza kumpitia, si kwa ubaya, walikosa tu la kumwambia, na baadhi yao walikuwa na matumbo yao wenyewe. Akawa anashinda peke yake kwenye kivuli cha vile vibanda. Siku moja Damiani alimkuta amesogeza bakuli la maji kwenye wavu.

"Hapana, siyo hivyo. Ukimwekea bakuli atakufa na kiu huku analitazama. Yeye anakunywa tone lililokaa juu ya jani." Akachovya kitawi cha majani kwenye maji, akanyunyiza. Jike akatembea taratibu, akafika kwenye jani la mnyonyo, akanywa. Cecilia akajikuta anacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu ile mimba, na alimpenda mumewe siku ile kuliko siku ya ndoa.

Toka hapo kunyunyiza ikawa kazi yake. Mvua zilikuwa zimegoma na kisima kilikuwa mbali, majirani wakimwona anawanyunyizia vinyonga maji walikuwa wanashika vichwa. Yeye alikuwa anatumia maji ya kunawia uso, yake mwenyewe. Nani wa kumuuliza?

Halafu akapata mimba ya tatu.

"Mwanamke mwenye mimba hamtazami kinyonga," Anastazia alisema. "Sisemi kwa chuki, mwanangu. Nasema."

Damiani alishinda akiwamba ngozi zake. Jioni akamwambia mkewe, "Nikawaachie porini. Mama naye ana umri wake, huenda anajua jambo."

"Usiwatoe," Cecilia akasema. "Damiani, ndio walionikalisha hapa. Usiwatoe."

Hakuwatoa. Mimba ilipofika mwezi wa saba mtoto akazaliwa, wa kike, kimya. Mkunga alimzungusha, akampiga mgongoni, akampulizia. Kimya. Walimzika nyuma ya nyumba, Anastazia akilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Haukupita muda, baba mkubwa Melkizedeki akaita kikao cha ukoo. Cecilia aliketi chini kwenye ngozi pamoja na wanawake, maziwa yakiwa bado yanamtoka, anasikia watu wakimzungumzia kama vile hayupo. Mimba tatu, mtoto hakuna. Mwanamke ana mkosi. Arudishwe kwao Kinampanda, ng'ombe wa mahari wadaiwe, kijana aoe mwingine. Walisema kwa upole kabisa, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. Alimtazama mumewe. Alijua akirudishwa hataolewa tena, atazeekea nyumbani kwa kaka yake akiwachotea maji watoto wa wenzake.

Damiani akasimama.

"Mkosi si wa mke wangu," akasema. "Ni wangu. Mimi ndiye niliyefuga vinyonga. Mama alinionya sikusikia."

Wazee wakaguna wote kwa pamoja, wakashusha pumzi. Kumbe jambo lina dawa! Baba mkubwa akatoa kopo lake la ugoro, akalinyoosha.

"Basi uwaue mwenyewe, kwa mkono wako, watu wote wakiona. Na hiyo mimea uing'oe."

Watu wakatoka. Damiani akafungua kibanda, akaingiza mkono. Jike hakukimbia. Alipanda kwenye vidole vyake kama alivyozoea, akidhani ameletewa panzi, tumbo limemjaa mayai. Damiani akamfungua kinywa, akamtia ugoro. Kinyonga akawa mweusi, akatetemeka, akalegea. Dume naye hivyo hivyo. Kisha Damiani akang'oa mkole, akang'oa mnyonyo, akang'oa kunde, mikono yake ikiwa imetulia kabisa.

Cecilia alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, wanyama wale hawana kosa, na mumewe anajua. Lakini angesema hivyo, kesho yake angekuwa njiani kwenda Kinampanda. Akapiga magoti, akawashukuru wazee. Moyoni alijiambia: ameongopa kwa ajili yangu. Ameua alichokipenda ili nibaki. Ni mwanamume gani mwingine angefanya hivyo? Akaliweka neno lile ndani yake, akaishi nalo.

Mwaka uliofuata akazaa Isaka, mzima, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Anastazia alicheza mpaka kitenge kikamdondoka. Baba mkubwa alipita na kopo lake akisema, "Si mnaona?" Cecilia aliitikia, "Shikamoo, baba," na kucheka pamoja nao. Kucheka kulikuwa rahisi. Alikuwa na siri na mumewe, hata kama hawakuwahi kuitaja.

Isaka alipoanza kutembea, walikuwa shambani wanapalilia mtama, kinyonga akatokea kwenye bua. Mtoto akamnyooshea kidole akicheka. Damiani alifika kwa hatua ndefu, akampiga yule mnyama kwa jembe, mara mbili, tatu, hata alipokwisha kufa.

Cecilia akamshika mkono. "Baba Isaka, basi. Hapa hakuna wazee. Tuko wenyewe."

"Wazee wa nini?"

"Siku ile ya kikao. Ulisema vile ili wasinirudishe. Najua, mume wangu. Sikuwahi kukushukuru."

Damiani alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo kwa lugha ya ugenini.

"Nani kakwambia nilisema uongo?"

Cecilia alitafuta utani kwenye uso wake, ule wa mtu aliyemfuata kwa jirani akicheka mpaka machozi. Haukuwepo.

"Mimi nilitaka kuwatoa," Damiani akasema, taratibu, bila hasira. "Yule mtoto wa kike angekuwa hai sasa, anacheza na mdogo wake. Kwenye kikao sikukutaja, nilikuonea huruma. Lakini mama Isaka, ni nani aliyesema nisiwatoe?"

Akafuta jembe kwenye majani, akambeba Isaka, akaenda kuendelea na mstari wake. Cecilia alibaki amesimama kwenye mtama. Miaka yote hiyo alikuwa amelala kando ya mtu aliyeamini kwamba yeye, Cecilia, ndiye aliyemuua mtoto wao, na akamsamehe.