Swichi ya Gari la Mama Mkwe

Kuna watu ukiwaambia "siwezi" wanakuelewa, halafu kuna mama mkwe. Fundi wetu alikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa na hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mama mkwe wake. Ndiyo maana Alhamisi hiyo asubuhi, badala ya kuwa gereji kwake akimalizia lori la watu, alikuwa amelala chali chini ya usukani wa gari dogo la bluu, miguu ikining'inia nje ya mlango, shingo imepinda, jasho linamwingia machoni.

Funguo za gari hilo zilikuwa zimepotea wiki tatu sasa. Mama mkwe alikuwa ameigeuza nyumba juu chini, magodoro, makabati, mpaka mifuko ya makoti ya marehemu mumewe, na hakuziona. Za akiba zilipotea zamani, marehemu akiwa hai. Mwishowe akampigia simu mkwewe.

"Njoo uing'oe hiyo swichi ya kuwashia uweke nyingine. Na usimsumbue mwenzio, ana mitihani ya watoto wa watu."

Mwenzio ni mke wa fundi, mwalimu, binti wa mama huyo. Fundi akatii. Akaondoka na boksi lake la vifaa bila kumwambia mkewe.

Haja ya gari ilijulikana na ukoo mzima. Kila Alhamisi mama mkwe huliendesha hadi ng'ambo ya mji kwa dada yake mkubwa, ambaye huu ni mwaka wa pili hajanyanyuka kitandani. Humwosha nywele, humkata kucha, humpa umbea wa wiki nzima. Sasa Alhamisi tatu zilikuwa zimepita bure. Teksi hataki, anasema hakuzaliwa kuwa mzigo. Watoto na wakwe wote wamemwahidi kumpeleka "wiki ijayo", fundi naye akiwamo, mara mbili, kwa kinywa chake mwenyewe.

"Jana nimempigia," mama mkwe alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mlango wa gari, amekwisha kuvaa nguo za kutokea, mkoba mapajani. "Wiki ya kwanza aliuliza naja lini. Wiki ya pili akauliza. Jana hakuuliza."

Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Alichomoa waya wa betri, akafungua skrubu za kifuniko cha plastiki chini ya usukani. Kabla hajakiweka chini alikitazama mara mbili. Kilijaa mikwaruzo, imezunguka tundu la ufunguo pande zote, kama pamechakurwa na kuku. Akasonya kimoyomoyo. Watu wanatumia gari kama hawakulinunua! Akakitupa majanini.

Usukani wenyewe ulikuwa umejifunga ukiwa umepinda kushoto, kwa hiyo hata kulisukuma gari mpaka gereji ilikuwa ndoto. Lingekwenda moja kwa moja ukutani. Kazi ingefanyiwa hapo hapo uani, juani, mbele ya mkaguzi.

Sasa, swichi ya namna hii hushikwa na bolti mbili ambazo kiwandani huvunjwa vichwa makusudi, ili mwizi asipate pa kushika kwa spana. Mwizi gani angelitamani gari lile, fundi hakuweza kumfikiria. Bolti ya kwanza aliigonga ubavuni kwa tindo na nyundo, taratibu, ikalegea, ikazunguka, ikatoka. Ya pili ikagoma. Akagonga. Ikagoma. Akagonga kwa hasira, tindo likateleza, akajigonga kidole gumba, na tusi lililompanda kooni ilibidi alimeze lote, maana mama mkwe yuko hatua moja.

"Marehemu alikuwa anagonga kidogo tu," mama mkwe akasema, "inatoka yenyewe."

"Marehemu alishawahi kung'oa swichi, Mama?"

"Hapana. Lakini alikuwa anagonga kidogo tu."

Fundi akafumba macho, akahesabu mpaka kumi. Kisha akachukua drili. Dakika ishirini za vumbi la chuma puani, na biti, ile ncha ya drili, ikakatika ndani ya bolti.

"Hiyo imevunjika," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nimeisikia. Haraka haraka haina baraka."

Jamani! Nani alikuwa na haraka? Ni nani aliyevaa mkoba tangu saa moja asubuhi? Fundi akatoka chini ya usukani, akasogea mpaka getini kutafuta hewa. Nguzo ya geti ilikuwa na michubuko miwili ya rangi ya bluu.

"Geti nalo lilipatwa na nini, Mama?"

"Hiyo nguzo waliijenga vibaya. Inasogea."

Fundi akampigia mkewe, labda aliziona funguo, simu imezimwa. Akarudi kwenye bolti yake. Ilipotimu saa sita na nusu, kwa biti nyingine na kwa dua, bolti ilikubali yaishe. Swichi ikamwangukia kifuani, imetobolewa, haifai hata kuwa jiwe la kuzuia mlango.

Swichi ya kuweka alikuwa nayo, ameitoa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililopata ajali, pamoja na kifuniko chake na funguo zake mbili. Kilichokosekana ni bolti. Akainua trei ya juu ya boksi, akafika kule chini kabisa anakotupia skrubu kuukuu kwa imani kwamba ipo siku. Hakuwa amefika huko mwaka mzima. Mkewe hupaita makaburini.

Juu ya skrubu kulikuwa na soksi ya mtoto, ya njano, imefungwa fundo. Aliijua. Ilikuwa ya kitindamimba wake. Wiki tatu nyumba nzima imeitafuta. Akaifungua. Ndani kulikuwa na funguo mbili, wa mlango wa gari na wa swichi, zimeunganishwa na kifungo kikubwa cheusi cha koti la marehemu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amezibeba mwenyewe wiki tatu. Amezibeba mpaka hapo asubuhi, akaziweka hatua moja na tundu lake, kisha akatwanga saa nne!

"Nini hicho kinacholia?" mama mkwe akauliza, na kabla fundi hajatunga uongo, mkono ulikuwa umekwisha kunyooshwa. Alizipokea, akakipapasa kifungo. Kisha akaipapasa soksi, kidole kwa kidole, akafika kwenye ukingo.

"Hii nilifuma mimi."

"Mama, wallahi, mimi sijui..."

"Wewe hujui, naona. Huna uso wa kujua." Akavipakata vyote mapajani. "Mkeo alipokuwa na miaka sita, akikasirika anaficha viatu vyangu kwenye boksi la baba yake. Funga hiyo swichi, fundi."

Fundi alikuwa anakaza bolti ya mwisho simu ilipolia. Mkewe. Akaenda nyuma ya gari, akafoka kwa kunong'ona, kazi ngumu kuliko kufoka.

"Kwenye boksi langu? Langu? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemwambia. Wewe mama akikuuliza moja unamjibu matatu. Umeng'oa swichi?"

"Nimeng'oa, nimeweka nyingine!"

"Mungu wangu. Usimwachie gari. Nisikilize, usimwachie..." Kengele ya shule ikalia, simu ikakatika.

Usimwachie! Mke anaficha, mama anaamrisha, na yeye katikati anakula vumbi. Alikuwa amewachoka wote wawili. Akarudisha waya wa betri, akamfungulia mama mkwe mlango wa dereva, akampa ufunguo mpya. Aende zake.

Mama mkwe akaketi, akajiweka sawa, akapeleka ufunguo kwenye swichi. Krr. Ufunguo ukagonga pembeni ya tundu. Krr, upande wa pili. Akatulia. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akapapasa kifuniko mpaka akalipata tundu, kisha akauleta ufunguo ukifuata kidole.

Fundi akageuza macho kwenye kifuniko cha zamani pale majanini. Mikwaruzo pande zote. Akaona aibu, na hasira yote ikakosa pa kukaa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu lini nini?" Mkono ulibaki kwenye ufunguo, haukuuzungusha. "Magari nayaona. Watu nawaona. Hivi vidogo vidogo ndivyo vinanikimbia."

"Na nguzo?"

Sauti ya mama mkwe haikuwa tena ile ya asubuhi.

"Mimi najua kwa nini alizificha. Ningekuwa yeye ningezificha pia. Lakini ukinitoa kwenye kiti hiki, dada yangu simwoni tena. Nyinyi wiki ijayo mnayo, kila siku mnayo. Yeye hana."

Fundi alisimama akikishika kile kidole gumba kilichovimba. Lori la watu lilikuwa linamngoja gereji, na mwenye lori si mtu wa subira.

"Sogea, Mama. Nakupeleka."

"Leo."

"Leo. Na kila Alhamisi."

"Kila Alhamisi ni maneno."

Fundi akachukua ule ufunguo mpya wa pili, akauvalisha kwenye kifungo cha koti la marehemu kilichokuwa mapajani mwa mama mkwe, akakitia mfukoni mwake. Mama mkwe alimtazama kwa muda, au alitazama pale alipokuwa. Kisha akateremka, akaushika ubavu wa gari kwa mkono, akalizunguka polepole mpaka upande wa pili, akaketi na mkoba wake mapajani.

Gari liliwaka mara moja. Fundi akaanza kurudi nyuma kuelekea getini.

"Taratibu hapo, fundi," mama mkwe akasema, akitazama mbele. "Hiyo nguzo inasogea."

"Naiona, Mama," akasema, akapunguza mwendo.