Kelepi Haingii Ndani

Mvua ya Mangere, huku Nyuzilandi, haina adabu. Inanyesha wiki nzima bila kupumua, nguo hazikauki, mapacha wamejaa mafua, na wiki hiyohiyo ndiyo Kelepi alichagua kuja. Tuseme ukweli, hakuchagua yeye, lilichagua kanisa. Kwaya ya Eua, kisiwa cha kwao Tonga, ilialikwa kwenye mkutano wa makanisa, na Kelepi anaimba besi, basi akapandishwa ndege na wenzake.

Dada yake, Melenaite, alipopata habari alikaa sakafuni akacheka, akalia, akacheka tena.

"Mama, una nini?" akauliza binti yake, Luseane.

"Mjomba wako anakuja."

"Sasa hilo ni la kulia?"

"Wewe hujui kitu. Nyamaza."

Melenaite alikuwa ametoka Tonga kuja Nyuzilandi kwa miezi michache tu, kumwangalia Luseane aliyekuwa na mimba ya mapacha. Miezi ikazaa miezi. Watoto walizaliwa kwa upasuaji, Luseane akalazwa, mume wake yuko kiwandani zamu juu ya zamu, na katikati ya hayo, kule Eua, mama yake Melenaite akafa. Hakwenda kuzika. Angeondokaje, vichanga viwili mikononi na mama yao hospitalini? Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na bado alivaa nyeusi na kujifunga mkeka wa msiba kiunoni, mkubwa, uliochanikachanika, unaokwaruza kuta za ile nyumba ndogo kila akipita.

Alichotaka ni kimoja tu: kusikia kwa mdomo wa Kelepi jinsi mama yao alivyokata roho. Siku ile alikuwa akiongea na mama kwa simu ya picha, simu aliyomtumia mwenyewe. Aliona kidevu cha mama, akaona dari, kisha mtandao ukakatika. Akapiga, akapiga, akapiga, wala haikuita. Mwaka mzima amelala na mawazo kwamba mama alikufa akimtafuta kwenye kioo cheusi. Majirani walimwambia hiki, mashangazi wakamwambia kile, lakini aliyekuwa nyumbani na mama alasiri ile ni Kelepi peke yake, na Kelepi hakusema neno.

Kwa nini asimpigie akamuuliza? Ebo! Kaka na dada wa Tonga tangu lini wakapigiana soga? Wakishakua hawalali chini ya paa moja, hawakai chumba kimoja, hawataniani, na dada ndiye mwenye heshima hata kama kaka ndiye kifungua mimba. Melenaite na Kelepi waliyashika hayo tangu siku Kelepi alipohamia kibanda cha wavulana, mkeka wake kwapani, akiwa bado hajaota hata unywele wa kidevu. Kabla ya siku hiyo walikuwa wakila bakuli moja na kulala wameshikana vidole. Baada ya hapo, hata salamu ikawa ya kupitia mtu, na leo wote wana mvi. Heshima si utumwa, husema watu. Sawa, si utumwa. Lakini Melenaite alikuwa na kiu na kaka yake, na kiu haijui methali.

Basi akapanga. Kelepi atalala kwenye banda la gari, ambalo gari halijaliingia tangu waanze kupanga nyumba ile. Akatandika godoro jipya, akamwaga mikeka, akaweka hita na pazia.

"Na mtaongeaje?" Luseane akauliza.

"Yeye atakaa mlangoni mwa banda, mimi jikoni, wewe katikati. Mimi nauliza, wewe unapeleka."

"Yaani mimi ni posta?"

"Wewe ni mtoto mwenye adabu. Au siyo?"

Luseane akacheka. Huyu alitoka Tonga akiwa mdogo, amelelewa na shangazi yake hapahapa Mangere. Adabu anayo, ila ya kukumbushwa.

Sasa hapo ndipo mvua ilipoingiza mkono wake. Nguo hazikauki nje, na ndani kuna nepi za watoto wawili kila mahali. Melenaite akafunga kamba bandani, ukuta hadi ukuta, akaanika nguo zake huko. Alisema moyoni kwamba wageni wanafika jioni, adhuhuri ataanua. Loo! Wageni walipandishwa ndege ya mapema.

Alikuwa jikoni, mikono imejaa tui hadi viwikoni, akifunga nyama katika majani ya majimbi, aliposikia honi ya basi dogo la kanisa na sauti ya Maka. Maka ni rafiki wa Kelepi tangu utotoni, mwimbaji wa sauti ya kwanza na mwongo wa daraja la kwanza.

"Hodi wenye nchi! Tumeleta njaa kutoka Eua!"

Luseane akatoka mbio, akamkumbatia mjomba wake, akamnyang'anya begi. "Mjomba, njoo uone chumba chako, cha kifalme!" Akashika mlango wa bati wa banda, akauvuta juu, grrr, mpaka mwisho.

Jamani. Sidiria tatu, na zile nyingine ambazo mtu mzima hazitaji, kubwa, za maua, zimejipanga juu ya godoro la Kelepi, zikidondosha maji kwenye mto wake.

Kelepi ni jitu la mtu. Aligeuka pale pale, akarudi kwenye basi, akaketi ametazama mbele, akasema, "Twende kanisani."

Melenaite alitoka na tui mikononi, akaona mgongo wa basi. Akaangalia bandani. "Mama weee! Nimekufa!"

"Mama, nilisahau..."

"Ulisahau! Kaka yangu amepanda ndege kuja kuona chupi zangu!"

"Mama, nguo ni nguo."

"Nguo ni nguo kwa mumeo! Kwa kaka yangu ni..." Akaketi chini ya kamba ile na nguo zikaendelea kumdondokea kichwani, asijali.

Kelepi akalala ukumbini mwa kanisa pamoja na wanakwaya. Melenaite akapika, maana mgeni ni mgeni hata akilala kwa jirani. Kila siku Luseane akabeba sufuria, kila siku sufuria ikarudi imeoshwa, na maneno yale yale: "Mwambie dada nimeshiba, namshukuru sana."

"Nani kamuuliza habari za tumbo lake?" Melenaite akabwaga sufuria kwenye sinki. "Jumatatu tu anaondoka! Ataondoka na maneno ya mama mdomoni mwake!"

Luseane akaona hapana, leo atatumia cheo. Mpwa kwa mjomba wa Tonga ana nguvu. Akitaka kitu cha mjomba anachukua, na mjomba anasema asante. Akaenda ukumbini, akasimama mbele ya kwaya nzima. "Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Naweza kukuvua hata hilo koti. Nakuamuru uje nyumbani."

Kelepi akasimama, akavua koti, akamkunjia vizuri, akampa. "Chukua, mama. Ni lako." Kisha akakaa.

Luseane akarudi nyumbani na koti badala ya mjomba. Melenaite alitaka kumfokea, lakini alipolishika alisikia harufu ya mafuta ya nazi, na moshi wa kuni, na chumvi ya bahari ya kwao. Akauzika uso wake humo, na hapo ndipo alipolia kwelikweli, kilio alichokuwa anakiahirisha tangu vichanga vilipokuwa vinamhitaji. Alitaka kwenda kwao. Alitaka mama yake. Luseane akawabeba watoto akawapeleka chumbani, asimwone mama yake akilia.

Jumamosi akaja Maka, peke yake, amelowa chapachapa.

"Dada Naite..."

"Usiniite dada. Wewe si kaka yangu, ndiyo maana naweza kukutukana vizuri."

"Nitukane, mama, lakini nipe chai kwanza. Tusi halishuki kwenye koo kavu."

Akampa chai na mkate. Maka akala nusu, akaacha. Maka kuacha mkate si jambo dogo.

"Kaka yako haogopi nguo zako, Naite. Nguo zimempa mahali pa kukimbilia tu. Mimi nimelala naye ukumbini, nakwambia hapati usingizi."

"Anaogopa nini basi?"

"Mimi nimekula naye maisha yangu yote, lakini mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hilo ni lenu wawili." Akafuta mdomo. "Kesho baada ya ibada nitamleta. Wewe kaa bandani, mlango ushushe, bakiza nafasi ya kiganja chini. Mengine niachie mwongo mimi."

Jumapili ikaja. Uani umu, lile shimo la kupikia kwa mawe ya moto, ilikuwa imefukiwa tangu alfajiri, moshi ukijikokota chini ya mvua nyepesi. Melenaite alikaa bandani juu ya mkeka, kamba haina kitu, koti la Kelepi mapajani. Akasikia viti vikiburutwa chini ya upenu. Kwenye ule mwanya wa chini akaona viatu vinne na pindo za sketi mbili nyeusi, zile za wanaume wa Tonga. Jozi moja ya viatu ilikuwa mikubwa kama mitumbwi.

"Hivi, Kelepi," Maka akasema kwa sauti ya kuhubiri, "mama yako alikufaje? Sijapata kusikia."

Na ndiye aliyechimba kaburi la mama! Melenaite akauma kidole.

Mvua ikapiga bati.

"Unajua, Maka."

"Nimezeeka, nasahau. Nisimulie. Tena sema kwa nguvu, sikio langu la upande huu wa mlango ni bovu."

Kelepi akakohoa. Alipoanza, sauti yake nzito ilipita kwenye bati ikaingia mpaka kwenye mkeka.

"Alikuwa anaongea na dada kwa simu. Mimi nilitoka nje mara tu nilipoona uso wa dada. Dada yako ni dada yako hata akiwa ndani ya simu."

"Ehe."

"Nikasikia wamenyamaza. Nikarudi. Mama amelala ubavu, simu ameikumbatia kifuani, ameifunika shuka. Imezima kabisa. Nikamwambia, Mama, lete niichaji. Akaweka kidole mdomoni. Akasema, 'Punguza sauti. Dada yako amelala.'"

Ndani ya banda, Melenaite akalikumbatia koti.

"Nikamwambia, Mama, Naite yuko Nyuzilandi. Akanikasirikia. 'Nyuzilandi gani? Huyu hapa. Amechoka na safari, ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi. Na wewe, lijitu zima na ndevu zako, unafanya nini kwenye chumba anacholala dada yako? Toka!'"

"Ukatoka?" Maka hakuwa anaigiza tena.

"Ningefanyaje? Nilitoka. Nikakaa kizingitini, mlango nimeupa mgongo. Nikamsikia anamwimbia, anambembeleza. Halafu akanyamaza. Nikasema amelala naye, nisiwaamshe. Jua lilipozama ndipo nikabisha hodi. Mwaka mzima nasikia dada anauliza mama alikufaje. Ananiuliza mimi, niliyekuwa nje! Nimpe nini? Mimi sikumwona mama akifa. Aliyekuwa naye ni yeye."

Maka akapenga kamasi. "Ngoja nikaangalie umu," akasema, ingawa umu haikuhitaji kuangaliwa na mtu. Viatu vyake vikaondoka. Vile vikubwa vikabaki.

Melenaite akajikuta ametambaa mpaka mlangoni, shavu limegusa bati baridi.

"Kelepi."

Jina lile hakuwa amemwita usoni tangu utotoni. Viatu vikatikisika.

"Naam, dada."

"Aliniimbia upi?"

Kelepi akaanza kuimba polepole, kwa besi yake, ule wa kulazia watoto, wa yule ndege wa baharini anayewangoja wanawe warudi maji yakipwa. Melenaite akavuta godoro alilomtandikia kaka yake, akalisogeza mpaka mlangoni, akajilaza ubavu na koti juu yake. Wimbo ulipofika mwisho Kelepi akaurudia, na mara ya pili aliuimba chini zaidi, karibu kunong'ona. Kisha akanyamaza, akasikiliza. Kiti kikalia, kama cha mtu anayetaka kuinuka.

"Dada? Umelala?"

"Bado!" Melenaite akajibu upesi, machozi yakiingia sikioni. "Sijalala. Kaa."